Bilauri Kifuani

Siku hizo kila mashine ya kiwandani ilikaa juu ya raba na springi, na sheria ilitaka mwendeshaji naye awekewe raba mwilini, asije akapeleka mtikisiko nyumbani. Mbaruku aliwekewa zake Jumamosi asubuhi: visiginoni, magotini na kifuani. Fundi wa misingi ya mashine akampima kwa bilauri ya maji juu ya kifua, kama alivyopima mitambo. Maji hayakucheza.

"Safi!" fundi akacheka. "Mashine iliyofungwa vizuri huwezi kujua kama inawaka."

Nyumbani, mkewe Riziki aligutuka kumkuta nyuma yake. "Kohoa basi, baba Tunu! Unaingia kama jini."

Wakati wa chakula Mbaruku akasimulia kipimo cha bilauri. Baadaye Tunu, binti yao wa miaka mitatu, akapanda kifuani mwa baba yake kulala, kama desturi yake. Akaweka sikio. Akalihamisha huku na huku, kisha akashuka, akaketi kando.

"Mama, baba nani kamzima?"

Riziki akacheka, akaleta bilauri ya maji, akaisimamisha pale pale kifuani. Kicheko kikamwisha taratibu. Tunu akamkimbilia mama yake, akajificha kwenye kanga yake.

"Mimi hapa, mwanangu," Mbaruku akasema, kwa sauti kubwa kadiri alivyoweza.

Maji hayakucheza.