Mashine ya Nyuma ya Jamvi

Katika ukoo wa Mzee Sedekia, kwenye milima ya Mbeya, hata mtoto aliijua sheria ya ukwe: baba na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani, na atakayetangulia kumsemesha mwenzake humlipa mbuzi. Neno lolote lao hupitia kwa mama wa nyumba. Sedekia, mzee wa kanisa, hakuwa na huruma katika jambo hilo. Mwaka uliotangulia alisimamia hukumu ya jirani yake Kalinga, aliyetozwa mbuzi kwa kumwambia mkwewe neno moja tu: "Karibu."

Jumapili hiyo ya mwaka 1958 aliketi kulielekea jamvi lililotenga sebule na jiko, amekunja uso. Mwanawe Andendekisye, aliyekuwa amerejea kutoka Uingereza alikosomea mashine za kukokotoa hesabu, alipata kazi ya ualimu Iringa, naye aliomba ruhusa ya kuhama na mkewe, Tusekile.

"Umekaa ng'ambo kujifunza kusema na chuma," alisema Sedekia. "Nieleweshe elimu hiyo leo, mkeo utakwenda naye. Ukishindwa, atabaki hapa kumsaidia mama yako."

"Chuma kina lugha za namna mbili, baba, ya chini na ya juu. Nyuma ya jamvi nimeweka mashine. Iamuru ikupe chai. Anza na lugha ya chini, hatua moja moja."

Sedekia alitabasamu ndani ya ndevu. Anyitike, mwanawe mdogo, hakuonekana tangu watoke kanisani. Mashine hiyo, aliwaza, ilikuwa na jina la ubatizo. Hata hivyo alimgeukia mkewe, Yudith, kwa tahadhari.

"Na mkwe yuko wapi?"

"Hayuko mahali utakapomwona."

"Vema. Mashine, chukua kikombe. Tia maji. Tia majani ya chai. Koroga. Mpe Mama Yudith."

Yudith alileta maji baridi, majani makavu yakielea juu yake kama nzi kwenye mtindi.

"Hukuiambia iwashe moto," alisema Andendekisye.

"Kila mtu anajua kwamba chai huchemshwa."

"Mashine si kila mtu, baba."

Mzee alianza upya, safari hii kwa moto. "Chukua birika. Mimina maji." Alisahau kusema yakome wapi. Maji yalijaza birika, yakafurika, yakapenya chini ya jamvi hadi kwenye viatu vyake vya ibada.

"Acha, acha."

Nyuma ya jamvi ikasikika pumzi ya mtu anayebana kicheko.

"Chuma chako kinanicheka."

"Kimeingia majivu, baba. Sasa jaribu ya juu. Sema unalolitaka tu. Humo ndani yumo mfasiri anayezijua hatua zote. Ndiye atakayelivunjavunja neno lako liwe la lugha ya chini."

Sedekia alikohoa. "Mashine, nipikie chai."

Kuni zikaalika. Kinu kidogo kikagonga mara chache. Punde Yudith akaleta kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu: chai nyeusi, yenye tangawizi, bila sukari, imejaa nusu tu, kama aipendavyo. Mzee alionja, akafumba macho.

"Sikutaja tangawizi."

"Huo ndio ujuu wake, baba."

"Nimeelewa. Ya chini humchosha asemaye. Ya juu hutaka ajuaye." Akaligeukia jamvi, sauti imelainika. "Ndaga, asante, mwanangu. Umepika kama apikavyo mkwe wangu."

Mlango wa mbele ukafunguka. Anyitike aliingia, suruali imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, baba. Ndama mmoja alishukia bondeni, ndiyo kwanza ninamrudisha."

Sedekia alilitazama jamvi. Alikunywa chai hadi tone la mwisho, akatoka uani, akarudi akimkokota beberu wake mweupe, akamkabidhi Yudith kamba.

"Mwambie mashine afunge mizigo ya Iringa," alisema. "Na huyu ni wake."