Pete ya Chujio

Mtaani kwao, kila bibi harusi hutoa pete yake ya madini ya paladi iyeyushwe kwenye chujio linalosafisha haidrojeni ya majiko. Shemsa alipoolewa alitoa ya bandia. Tangu hapo gesi inapita na uchafu, na moto wa mtaa mzima umefifia.

Leo jirani yake, Bi Mwanakheri, alimletea maandazi.

“Nisamehe mwanangu, ndani mabichi. Nadhani ni ile pete aliyonivisha marehemu mume wangu, imechakaa humo chujioni. Nawaonea haya majirani.”

Shemsa alikuwa ameivaa pete yake halisi. Akauficha mkono wa kulia ndani ya kanga, akapokea kwa wa kushoto.

“Kushoto, bibi harusi?”

“Wa kulia unaniuma, mama.”

Bi Mwanakheri akaketi kitako. “Ulete basi, nikuchue.”