Taa ya Kijani

Mwaka mzima Bi Rukia alilalamika kwamba sauti yake inachelewa. Akiimba, inamrudia kwenye hedifoni kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili, na ndiyo maana anaachwa na ngoma. Shaali, fundi mitambo wake tangu ujana wao, hakubisha. Ni kweli mixa, mashine ya kuchanganyia sauti, iliipeleka sauti kwenye kompyuta ikatiwe mwangwi, na kompyuta ilikuwa nzito kuirudisha.

Basi alasiri ile, kwenye mazoezi ya harusi, Shaali akachomeka kisanduku kipya kwenye mixa. Hicho kilitia mwangwi chenyewe, papo hapo. Alikijaribu mwenyewe: neno lilitoka kinywani na kufika sikioni kwa pamoja.

Bi Rukia akavaa hedifoni, akaimba. Akaachwa. Wakaanza upya, akaachwa tena palepale. Mpiga ngoma akainama, akajifanya anakaza kamba za ngoma yake.

"Shaali," Bi Rukia akaita, "hicho kidude umekiwasha kweli?"

Taa ya kijani ya kisanduku ilikuwa inawaka. Shaali akatoa leso mfukoni, akaifunika taa.

"Bado, Bi. Nilisahau."

"Wewe nawe! Kiwashe basi, jua linatuchwea."

Shaali akapeleka kidole chini ya leso, akabonyeza pasipo na kitu.

Bi Rukia akaitazama ile leso. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, na katikati yake iling'aa kijani, vilevile kama kabla ya kidole kuingia. Akasafisha koo, kisha akamgeukia mpiga ngoma.

"Na wewe," akasema taratibu, "punguza mwendo kidogo."