Gobore la Mkwe

Alama zile zilikataa kutoka. Dereva alibadilisha msasa, akachukua ule wa kukwaruza zaidi, akaendelea kusugua pale uani huku jasho likimtoka kana kwamba anasukuma lori lake.

Gobore lilikuwa la marehemu baba mkwe wake. Halikufyatuka tena, lakini mbao yake ilikuwa ndefu, ikianzia kitakoni na kuufuata mtutu karibu mpaka mdomoni. Vanishi ilikuwa imebabuka, na ubavuni kulikuwa na mikato ya kisu. Ya chini imeachana, ya juu imebanana.

"Hizo hesabu za mawindo," alisema seremala jirani, aliyemwazima msasa.

"Mawindo gani? Mzee yule sikumwona hata na sungura. Kila nikirudi safari namkuta anacheza na mjukuu wake tu."

"Basi alijihesabia waliomkimbia."

Walicheka, kisha dereva akauinamia tena msasa. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu yeye na mkewe wamzike Kidoti, binti yao, aliyekuwa hata shule hajaanza. Babu naye hakukawia kumfuata. Nyumba ikabaki na watu wawili wasio na la kuambiana.

Lililomuuma zaidi hakuwahi kumwambia mtu. Nguo za mtoto mkewe alikwisha kuzigawa. Lakini kila asubuhi alilishusha gobore ukutani, akalisimamisha sakafuni, akapiga magoti mbele yake na kulia kimyakimya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasemavyo watu. Mbona huyu alimlilia baba yake tu? Dereva aliona wivu, kisha akauonea haya wivu wenyewe.

Mkewe alipokwenda kumuuguza dada yake, ndipo alipoamua. Kama gobore ndilo linalomfariji, basi alikute jipya. Huenda angecheka, walau mara moja.

Mikato iliyoshinda msasa aliiziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Ilipokauka akasugua tena, taratibu, akapaka rangi, halafu vanishi juu yake. Seremala alikuja kupapasa, akakiri kwamba hata yeye asingejua palikuwa na kitu.

Mke aliporudi alilikuta limeegemezwa ukutani, linang'aa.

"Umelitengeneza wewe?"

"Mimi. Nilitaka ufurahi, mama."

Akatabasamu. Dereva alikuwa amelisahau tabasamu lile, na moyo wake ukapoa kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Mke alipiga magoti kama kawaida yake. Akapitisha kidole gumba ubavuni mwa gobore, kutoka kitakoni kwenda juu. Akarudia. Akaligeuza, akapapasa upande wa pili, kisha akalirudisha lilivyokuwa na kuanza upya kutoka chini.

"Baba Kidoti," alisema, kidole kikitangatanga juu ya mbao laini, "wewe ukiwa safarini, baba alikuwa akimsimamisha mtoto hapa, anampima. Nionyeshe alipoishia."