Siku Mlima Ulipofichwa na Wingu

Uvumi wa ndege ndogo iliyogonga mlima ndani ya wingu haukumtoka Namsifu kichwani. Leo binti yake, Nietiwe, alikuwa anasafiri kwa ndege kama hiyo, nao walisimama kiwanjani huku mlima hauonekani.

"Tusubiri kupambazuke vizuri, wingu liondoke," rubani alisema.

"Dereva wa basi angeshafika, kaka," abiria mmoja alimtania. Wote wakacheka. Rubani akawasha injini.

Namsifu akainama, akamvua binti kiatu kimoja, akakikumbatia ili asipande.

"Mama, watu wanatuangalia. Nitachelewa kazini."

"Basi panda pekupeku."

Nietiwe akapanda, mguu mmoja mtupu. Ndege ikazama winguni, Namsifu akabaki anausikiliza mlio, hadi ulipokatika ghafla upande wa mlima.

Mlima usipoonekana, usipande. Usimcheke rubani anayetaka kusubiri. Usione haya kubaki peke yako wengine wakipanda. Na mtoto wako, usimwachie mkono.