Mate ya ǁUce

Mate ya Bibi ǁUce ya mwaka jana na mate yake ya mwaka huu hayakuwa ya mtu mmoja. Maabara walipima, wakarudia, jibu likawa lile lile. Basi Daktari Kavetuna akawasha gari Windhoek, akapita Tsumkwe bila kusimama hata kunywa maji, akaja kutumwagia hasira zake kijijini.

Tulimwona tangu mbali, kwa vumbi. Mtu mwenye roho iliyotulia haendeshi vile kwenye mchanga.

Na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Mwaka jana alizunguka kwetu Nyae Nyae akiomba mate ya wazee, maana ndani ya mate, alisema, mna vinasaba vinavyoonyesha mtu ametokana na nani tangu zamani sana. Siku zile alikuwa na subira. Wazee walipodhani ni uchawi, alitema hata yeye kichupani mbele yao, wakacheka, kisha wakatema. Vichupa vikaenda kupimwa, na kimoja kikawatikisa wakubwa wake. Uzao wa mama uliokuwamo, ule anaourithi mtu kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, ulijitenga na watu wengine wote kabla ya uzao wowote unaojulikana. Mtoto wa mama wa kale kuliko wote amepatikana, walisema. Kichupa kilikuwa cha Bibi ǁUce.

Ikabaki kuhakikisha tu. Mwaka huu bibi akatema tena, na majibu yakaja ya kawaida kabisa, sawa na ya majirani zake. Sasa wakubwa walikuwa wakimwuliza Kavetuna mate yale ya kwanza aliyachanganyia wapi. Asipompata mwenye mate hayo, utafiti wote ungetupwa, naye angebaki kichekesho cha wasomi wenzake. Ujana wake wote ulikuwa umeishia humo.

Bibi ǁUce alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akitoboa shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Jina lake huanza kwa mlio wa pembeni mwa ulimi, kama wa mtu anayemhimiza punda. Kavetuna hajawahi kuuweza mlio huo, na jina lenyewe lilikuwa lake pia. Bibi alimpa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kwetu mgeni asiye na jina hana pa kukaa, na akishapewa, ndugu za mwenye jina ni ndugu zake. Ndiyo maana Dabe, mtoto wa bibi, mkalimani mwenye mvi kichwa kizima, humwita Kavetuna mama na kumwomba tumbaku kwa kudeka.

"Karibu, mama. Umekonda," Dabe alimwambia. "Huko mjini hawakulishi?"

"Usiniite mama leo, Dabe. Mate ya bibi yametoa mama wawili tofauti. Muulize, mama yake alikuwa nani."

Bibi akanyoosha kidole kwa kitoto kilichokuwa kikitafuna kokwa za mti wa mangeti karibu na moto. Yule pale ndiye mama yake, kwa kuwa amerithi jina la marehemu. Tulicheka, wala si kwa ubaya, ila Kavetuna alikunja uso.

"Simtaki mama wa jina," alisema. "Namtaka mama wa tumbo."

Dabe akatafsiri. Bibi akauliza kama kwa Waherero mama wa tumbo huwa hawana majina. Hapo Kavetuna akashindwa kujizuia. Akasema yeye ni Mherero, na Mherero anaujua uzao wa mama yake kama anavyowajua ng'ombe wake. Akawataja, mama wa mama wa mama, mpaka pumzi ikamwishia, na wote, alisema, walikuwa watu wa ng'ombe na maziwa, hakuna hata mmoja aliyelala porini akichimba mizizi. Iliuma. Waherero tunaishi nao, maneno hayo tumeyasikia sana, lakini kutoka kwa mtu tuliyempa jina yaliuma zaidi. Nadhani hata yeye aliona haya, kwa sababu aliketi mchangani na nguo zake nzuri, akafunika uso.

Sauti ilipotoka tena ilikuwa ya kubembeleza. Alisema hamlaumu mtu. Kama siku ile bibi hakujisikia kutema, akamwomba jirani amtemee, si kosa. Anachotaka ni kumjua huyo jirani.

"Hata kama amehamia Botswana nitamfuata," alimwambia Dabe. "Huyo ndiye mtoto wa mama wa kale kuliko wote. Nitampigia magoti. Mwambie bibi anitajie tu."

Dabe akamweleza mama yake. Bibi akaweka shanga chini, akamtazama somo wake, mwenye jina lake, kwa huruma, akasema maneno mengi. Dabe alisikiliza huku akijikuna kichwa, akauliza kitu, akajibiwa.

"Anasema hakukudanganya," Dabe alisema. "Ulitaka mate ya ǁUce, ukapewa ya ǁUce. Yeye siku ile mdomo ulikuwa mkavu, na mtu na somo wake ni mtu mmoja. Akachukua kile kichupa ulichotemea wewe ulipokuwa ukituonyesha, akakukabidhi kama chake. Ni mate yako, mama."