Kiti cha Dereva

Kila honi ilipolia barabarani, mguu wa kulia wa binti ulikandamiza sakafu. Baba yake, aliyeketi kando yake katika ofisi ya bima, aliutazama mguu ule, kisha akageukia ukutani.

Ilikuwa mara yao ya nne kuitwa. Kwanza fomu ilikosa mhuri, kisha mhuri ukakosa tarehe, kisha karani akataka picha ya gari likiwa zima, kana kwamba watu hupiga picha kwanza ndipo waende kupata ajali. Leo walitakiwa wote wawili walionusurika. Wa tatu, mama yake binti, walikuwa wamemzika miezi mitatu iliyopita.

Tangu mazishi, binti hakuwa amemsemesha baba yake hata neno moja. Siku ya ajali ilikuwa imefutika kabisa kichwani mwake. Alizinduka hospitalini, akauliza nani alikuwa akiendesha, na baba akajibu, "Mimi." Basi, yakaishia hapo. Alipika, alifua, alimwekea baba chai mezani, na kimya chake kilimfuata yule mzee chumba hadi chumba. Hata leo alikuwa amevaa sweta la marehemu, mikono kaikunja mara mbili ndipo vidole vikaonekana. Baba alitamani kuitwa tena baba kuliko kitu chochote duniani.

Mkaguzi wa bima aliingia na faili kwapani na mfuko mkubwa wa plastiki mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimtisha baba kuliko usumbufu wote wa karani.

"Pole tena, mzee wangu. Gari nimelikagua mwenyewe. Kiti cha dereva kimesogezwa mbele mpaka mwisho. Na urefu wako huo, magoti uliyaweka wapi?"

"Yaliingia."

"Mzee, hakuna anayetaka kumfunga mtu hapa. Kama mama ndiye aliyekuwa akiendesha, sema tu, tuandike, tufunge faili. Yeye hakuna wa kumdhuru tena."

Binti aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimtazama baba yake machoni, na macho yale yalikuwa yakimwomba. Neno moja tu, na mwanawe angemrudia. Akamkumbuka mkewe, kicheko chake, na namna asivyoweza kumwekea mtu kinyongo hata cha kusingizia.

Nje, honi ikalia. Mguu ukakandamiza sakafu.

"Nilikuwa naendesha mimi," alisema baba. "Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo, kiti kinakukana. Kampuni haitalipa."

"Wasilipe."

Binti akainamisha uso tena. Baba aliumia, akavumilia.

Mkaguzi alishusha pumzi, akavuta mfuko. Kila kilichokutwa ndani ya gari, alieleza, lazima kikabidhiwe kimoja kimoja, na mpokeaji atie sahihi.

"Huo uchomeni tu," baba alisema haraka, karibu asimame. "Hatuhitaji kitu."

"Ndio utaratibu, mzee. Dakika mbili tu."

Akatoa miwani iliyovunjika. Binti akatia sahihi. Akatoa kiatu kimoja cha kike, kirefu na chembamba. Binti akakikumbatia kidogo, akatia sahihi. Mwisho akatoa mto mdogo wa kitambaa cha maua.

"Huu tuliukuta kwenye kiti cha dereva, umefungwa kwa kamba zake."

Binti aliupokea. Akaugeuza, akapitisha kidole taratibu juu ya mshono, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Baba," aliita.

Miezi mitatu alikuwa amelingoja neno hilo, na sasa hakuweza kuitika.

"Baba, mto huu mama alinishonea mimi. Ulipoanza kunifundisha kuendesha."